Mtu wa Mfuo wa Samawati

Nilikwenda kumfumania mume wangu na mwanamke, nikamkuta na gari lisilozidi kiganja.

Jioni yenyewe ilianza mapema. Katika mji wetu saa ya mnara hupigwa na yeyote apitaye karibu na kamba yake, na kila apitaye hupiga saa anayoitaka: mwenye usingizi hupiga usiku, mwenye miadi hupiga miadi yake. Sisi wengine hutazama mbingu, tukaulizana, tukakubaliana. Alhamisi ile kulikuwa na mawingu, tukakubaliana upesi kwamba ni jioni, na Gervas, mume wangu, baba wa mwanangu Tito, akavaa shati nililolipiga pasi mwenyewe, akasema, "Natoka kidogo."

Gervas hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakunitukana, hakulala nje. Alikuwa kimya tu, kimya cha mtu aliyekaa chumba cha pili hata mnapokula sahani moja. Ukimwuliza chakula kikoje, atasema kizuri. Ukimwuliza kazini kukoje, kuzuri. Ukimwuliza anawaza nini, atakutazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni, kisha atasema hakuna. Nilikuwa nimezoea. Nilijiambia wengine wameolewa na walevi, mimi nimeolewa na kimya, na kimya hakivunji vyombo.

Lakini kila Alhamisi alikuwa akirudi akinuka spiriti, na si ya kunywa, ile ya kusafishia. Na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na mabaki ya kicheko. Niliyatambua mara moja, kama mke mwingine atambuavyo rangi ya mdomo kwenye kola. Mtu huyu amecheka mahali. Amecheka na mtu. Amecheka sana, kiasi kwamba kicheko kimebaki na kutembea naye mpaka mlangoni kwangu, na mlangoni kwangu amekifuta.

Basi Alhamisi ile nilimfuata.

Nilimwona akikata kushoto kwenye maduka ya nguo, akapita mbele ya kanisa, akaingia jengo la zamani ambamo kahawa ilikuwa ikipimwa enzi ambazo mji bado ulikuwa na jina. Kuna ngazi ya mbao nje yake. Alipanda kwa haraka, mbilimbili, kama kijana. Nyumbani kwetu Gervas hupanda kizingiti kama anapanda mlima. Nikangoja kidogo, nikavua viatu, nikapanda.

Kilichonifikia kwanza ni mvumo, kama wa nyigu waliofungiwa ndani ya debe. Halafu sauti za watu. Halafu sauti moja ikainuka juu ya nyingine zote, sauti ya mwanamume anayesimulia kisa cha mbuzi aliyeingia kwenye harusi, na alisimulia vizuri mno: aliiga sauti ya bibi harusi, akaiga ya padri, akaiga hata ya mbuzi, na watu walicheka mpaka wakakohoa. Nilisimama nimeshika viatu mkononi nikitabasamu gizani peke yangu. Nikajiambia, heri mwanamke aliyeolewa na huyu.

Nikasukuma mlango. Alikuwa mume wangu.

Aliponiona, kisa kilimkatikia mdomoni. Uso wake ulijifunga kama duka lililosikia vurugu mtaani.

"Malizia basi, Samawati!" mtu mmoja mnene alimhimiza, akipangusa machozi. "Mbuzi akafanyaje?"

"Basi," Gervas alisema. "Mbuzi akaenda zake."

Wote wakaguna. Nilikuwa nimemuua yule mbuzi kwa kuonekana tu.

"Mama Tito," mume wangu akasema, akinisogelea. "Kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna."

"Tito?"

"Nimemwacha kwa dada. Nimekuja kuona."

Alitaka kuuliza kuona nini, lakini swali lingekuwa refu kuliko mazungumzo yetu ya kawaida. "Haya, karibu," akasema, akarudi mahali pake.

Katikati ya chumba kulikuwa na meza kubwa kuliko vitanda vinne vikiunganishwa, na juu ya meza kulikuwa na mji. Barabara nyeusi zilizopinda, kona, daraja, vijumba vya maboksi, miti ya sponji, watu wadogo wa plastiki waliosimama wakipunga mikono bila kuchoka. Katika kila barabara kulikuwa na mifuo, mifereji myembamba iliyochongwa, na kando ya kila mfuo nyuzi mbili za shaba zipitishazo umeme. Chini ya kila gari kuna ulimi unaoingia ndani ya mfuo. Dereva husimama nje ya mji, ameshika kifyatuo chenye waya. Akibana, gari linakwenda. Akilegeza, linapunguza. Hakuna usukani.

Yule mnene ndiye aliyenieleza. Jina lake la mchana ni Ladislaus, ni daktari wa meno, lakini humo ndani kila mtu huitwa kwa rangi ya mfuo wake. Yeye alikuwa Nyekundu. Mume wangu alikuwa Samawati. Mchana unabaki chini ya ngazi, alisema, pamoja na majina yake.

"Sasa mnaendeshaje kama hamwezi kukata kona?" nikamwuliza.

"Kona imeshakatwa, shemeji. Kazi yako ni kujua uifikie kwa mwendo gani. Ukibana sana, gari linang'oka, linaruka nje. Ukiogopa, wenzako wanakupita."

"Na nani aliyechonga?"

Akacheka. "Sisi wenyewe, na misumeno yetu. Tulichonga, halafu tukasahau kwamba tungeweza kuchonga vinginevyo."

Alisema hivyo kama mzaha, akaondoka kwenda kukaza nati ya gari lake, akaniacha na maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Nilitazama magari yakizunguka. Nilifikiri: je, huu ndio uhuru wote tuliopewa? Njia ilishachongwa, na mkono wetu unatawala jambo moja tu, mwendo? Mimi nilipita kwa mama yangu, nikapita shule, nikapita kanisani na shela, nikapita wodi ya wazazi, na kila kona niliyoikuta ilikuwa imeshapinda. Nilichochagua ni kuifikia kwa pupa au kwa woga. Gervas naye. Lakini kumbe Gervas alikuwa na mji wa pili. Huko kwangu alikwenda taratibu, kimya, akiogopa kila kona. Huku alibana mpaka mwisho. Yupi ni mtu, na yupi ni kivuli kilichoachwa nyumbani kulinda kiti?

Nilikaa kwenye benchi, karibu na mwanamke.

Ndiyo, mwanamke alikuwepo. Aliitwa Njano humo ndani. Jina lake la mchana, aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, ni Domitila. Nilimkagua kwa jicho nililokuja nalo kutoka nyumbani. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, mvi zimeanza, miwani imefungwa kwa uzi, vidole vyeusi kwa mafuta. Alikuwa akipangusa matairi ya gari lake kwa kitambaa chenye spiriti, moja baada ya jingine, kwa utulivu wa mama anayemwosha mtoto masikio. Nikaona aibu kwa nilivyowaza. Kisha nikaona hasira, maana kama si mwanamke, basi ni nini? Mwanamke ningemweza. Ningemvuta nywele, ningemsema kwa dada zake. Unakiviziaje dirishani chumba kizima kinachocheka?

"Tumefurahi umekuja," Domitila alisema. "Anakusema sana."

"Mimi?"

"Wewe. Jinsi unavyoimba ukifua. Anakuiga vizuri sana, samahani."

Sikujua kwamba husikiliza.

"Ni mtu wa watu, mumeo," akaendelea, akigeuza gari. "Wakati mwingine nasema ni kwa sababu ya Doto. Mtu aliyeanza maisha wakiwa wawili, akibaki mmoja, lazima atafute kujaza ile nafasi. Si ndiyo?"

Nilimtazama. Hakuwa ananichokoza. Alikuwa anazungumza nami kama mtu anayezungumza na mwenye habari.

"Ndiyo," nikasema. "Doto."

"Na ile ya kuchora barabara mchangani kwa vidole, wao wawili, na makopo ya samaki ndiyo magari. Alipotusimulia hapa, Nyekundu alilia. Lile jitu lote lile, lililia. Na surua ikamchukua mmoja, ikamwacha mmoja, kitanda kimoja! Mimi kwa kweli sikulala siku hiyo."

"Ni jambo gumu," nikasema.

"Wewe ndiye uliyemshikilia, bila shaka."

"Bila shaka."

Mtu nimezaa naye. Sikujua kwamba alizaliwa na mwenzake.

Sijui nilikaa pale muda gani. Pengine mtu nje alipiga saa, pengine hakupiga. Nilikuwa nahesabu ndani yangu vyumba vya nyumba niliyodhani naijua, na kila nilipofungua mlango nilikuta watu wa rangirangi wameketi, wanakunywa chai, wananikaribisha. Nyekundu analia kwenye kiti changu. Njano amekalia kitanda changu, anakosa usingizi wangu. Hayo machozi yalikuwa yangu. Huko kukosa usingizi kulikuwa kwangu. Ningemshika, wallahi ningemshika, ningemkumbatia mpaka yule wa pili aone wivu huko aliko. Kwa nini wao? Wamempikia nini? Wamemwuguza lini? Na mimi niliyemwuguza, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko, nikapewa nini? Kizuri. Kuzuri. Hakuna.

"Shemeji!" Ladislaus aliniita. "Tumepungukiwa mwokotaji. Utatusaidia? Simama pale kwenye kona ya darajani. Gari likiruka, liokote, lirudishe kwenye mfuo wake. Basi. Tazama rangi, usije ukampa mtu njia ya mwingine."

Nikaenda. Gervas alinitazama kutoka upande wa pili wa mji, kidole kwenye kifyatuo. Kati yetu kulikuwa na vijumba, miti, na watu wa plastiki wanaopunga mikono. Alionekana mbali, na mkubwa mno.

Wakaanza.

Ni jambo zuri, siwezi kusema uongo. Magari yaliondoka kama mbegu zilizotemwa. Domitila alikwenda kwa adabu, Ladislaus kwa kelele, na wawili wengine nyuma yao wakikabana. Lakini lile la samawati lilikwenda kama linajua kitu. Lilikaribia kona likiwa na kasi ya kutisha, likasita nukta tu, kama mtu anayevuta pumzi, likapita. Likapita tena. Nilimtazama mume wangu. Midomo yake ilikuwa ikisema neno, kila kona neno lile lile, bila sauti. Nilijua ni jina gani, kwa kuwa nilikuwa nimelipata jioni ile ile kwa mtu baki.

Nikainama juu ya kona nikamkazia macho. Aliinua yake, akaniona namsoma mdomo. Kidole kikakosea. Gari liling'oka, likabiruka hewani, likanipiga kifuani, nikalidaka.

Lilikuwa la moto, na lilitetemeka kidogo, kama kifaranga.

"Lirudishe!" Ladislaus alipiga kelele. "Shemeji, haraka!"

Sikulirudisha.

Nilielewa kitu pale, na sidhani kama nitakielewa tena kwa namna ile. Nguvu haiko kwenye kifyatuo. Gari likishatoka njiani, dereva anaweza kubana mpaka kidole kivunjike, halitakwenda. Linamngoja aliyesimama kando, asiyeshindana na mtu, asiye na rangi. Watu wote wa dunia wanashangilia madereva. Na mimi nilikuwa nani siku zote katika nyumba yangu kama si mwokotaji? Anaanguka, namwokota. Anaumwa, namwokota. Namrudisha kwenye mfuo wake, safi, ameshiba, naye anaondoka kwenda kushinda mbele ya wengine.

"Paskazia!" Gervas aliita. Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu Tito azaliwe.

Magari mengine yalipita, yakapita tena. Domitila ndiye aliyeacha kubana kwanza. Kisha Ladislaus akanyoosha mkono ukutani, akazima umeme. Mji mdogo ukanyamaza. Gervas aliweka kifyatuo chini, akauzunguka ule mji wote kwa miguu, akaja kusimama mbele yangu.

"Nipe gari," alisema taratibu.

"Doto alikuwa nani?"

Nilisikia Domitila akivuta pumzi nyuma yetu. "Mungu wangu," alinong'ona. "Hakuwa anajua."

Gervas aliangalia sakafu, kisha mikono yangu. "Ndugu yangu."

"Hao wanajua."

"Ndiyo."

"Wanajua mlichezea makopo gani. Mimi nimejua leo, hapo kwenye benchi, nikajifanya nilishajua. Nimedanganya ili nisionekane mgeni kwa mume wangu. Unajua ladha yake?"

"Mama Tito, twende nje."

"Hapana. Nje utanyamaza. Zungumza hapa, ndipo unapoweza."

Alifungua mdomo, akaufunga. Ladislaus alijifanya anatafuta bisibisi. Nilidhani ndiyo basi, mbuzi ameenda zake tena. Lakini Gervas alishika ukingo wa meza, na aliposema, sauti yake haikuwa ile ya kisa cha harusi wala ile ya nyumbani. Ilikuwa ya tatu, yenye kutu.

"Hawa hawanihitaji," alisema. "Nikisema neno baya hapa, tunashuka ngazi, wanalisahau, nami nalisahau. Nikisema neno baya kwako, itabidi niishi ndani yake. Kila asubuhi. Ndiyo maana nachagua yale madogo."

"Kwa hiyo wao wamepata mtu, mimi nimepata ukuta."

"Wao wamepata visa. Wewe umepata aliyebaki."

Nilitaka kulitupa lile gari dirishani, nilione linavyoanguka kwenye barabara za watu wakubwa. Badala yake nilikuta kidole changu kinapangusa vumbi kwenye tairi lake dogo.

"Mnaendelea au hamwendelei?" nikawauliza wote, kwa ukali.

"Tunaendelea, shemeji," Ladislaus alisema upesi.

Gervas akarudi upande wake. Nikaliweka gari kwenye mfuo wa samawati, nikalisogeza mpaka nikasikia ulimi umeingia. Umeme ukawashwa. Alimaliza wa mwisho, na hakuna aliyemtania.

Tulishuka pamoja. Domitila alinishika mkono mlangoni akasema, "Nisamehe, dada." Nikamwambia hakuna kosa. Nilimwambia hivyo huku nikiuchukia mkono wake kwa ule uzito wake, kwa sababu ulikuwa mkono mzuri, na kwa sababu ulikuwa umemgusa mume wangu begani siku aliposimulia, bila shaka, nami sikuwepo.

Njiani tulitembea kama tulivyozoea, yeye nusu hatua mbele. Kanisani kimya. Kwenye maduka ya nguo kimya, yamefungwa, sanamu za dirishani zimevuliwa nguo zikingoja kesho. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa, nikipanga jinsi nitakavyompita kesho asubuhi bila kumsalimu, aliposimama.

"Kuna jambo sikuwaambia wale," alisema.

Akaniambia. Alisema vibaya. Hakuiga sauti ya mtu. Alianza katikati, akarudi nyuma, akakosea, akanyamaza mpaka nikadhani amemaliza, kumbe bado. Kilikuwa kisa kibaya sana kwa mtu anayejua kusimulia. Nilimsikiliza nimeegemea kioo cha duka, na mara moja tu nilimshika, pale alipohitaji kushikwa.

Alipomaliza nilimwuliza, "Hili umemwambia nani?"

"Wewe."

"Ladislaus?"

"Hapana."

"Domitila?"

"Mama Tito. Wewe tu."

Nilimwuliza kwa mara nyingine, na si kwa kutomwamini.

Alhamisi iliyofuata alikwenda, na mimi nilibaki na Tito. Sikulala kwa raha. Nilimwona kichwani akiwasimulia, akiwaiga watu, akiwachekesha kwa kuniiga mimi. Wivu haujaniacha, na sasa nadhani hauniachi. Umehama chumba tu. Lakini aliporudi nilimtazama machoni, nikaona kwamba lile jambo halikutoka. Lilikuwa bado liko humo, na ufunguo wa pili ninao mimi.

Najua unangoja nikuambie alichosema pale dukani. Nimekueleza mengine yote: ngazi, mbuzi, makopo, hata aibu yangu ya kwenye benchi. Umekaa nami muda mrefu na umesikiliza vizuri. Lakini hilo sikupi. Ni langu.